Mshale wa Oili Ukilala

Gari lilifika limefungwa kamba nyuma ya lori la mchanga, mwezi wa nane mwaka jana, saa tatu asubuhi. Lilikuwa Land Cruiser mkonga la mwaka 2002, HZJ79 iliyorefushwa na kukatwa paa ili watalii wasimame wapige picha. Kijana aliyeshika usukani akashuka, akajipangusa vumbi usoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, sijaliwasha tangu Makuyuni."

Kutoka Makuyuni hadi gerejini kwangu Ngarenaro, hapa Arusha, ni kama kilomita 80. Nilitamani kumkumbatia. Madereva wengi wakiona mshale wa oili umelala huendesha polepole, wakiamini kwamba mwendo mdogo utainusuru injini. Huyu alizima hapohapo, akalala ndani ya gari, na kulipokucha akatafuta lori la kumvuta.

Alikuwa na karatasi mkononi. Wiki mbili nyuma, gereji moja ya mjini ilikuwa imembadilishia sensa ya oili. Mshale ulipozidi kushuka wakamwandikia makadirio mapya: kushusha injini, kuchonga krenki, beringi zote mpya, pampu ya oili mpya. Nikaisoma karatasi ile mara mbili nikitafuta kitu kimoja, nisikione. Hapakuwa na namba yoyote ya presha. Walikuwa wameuona mshale umeshuka, lakini presha yenyewe hawakuipima.

Nimekuwa na injini hizi tangu 1992, kwanza nikiwa dereva wa watalii, baadaye fundi, na jambo hili linaniuma kuliko mengine yote ya kazi yangu. Oili ikikosa presha kwenye injini ya zamani, utamsikia mmoja akisema "ni sensa tu, endesha," na mwingine akisema "krenki imekwisha, shusha injini." Kila mmoja huwa sahihi mara nyingine. Lakini wote wawili wamejibu kabla ya kuuliza, na mwenye gari ndiye anayelipa.

Nimezaliwa Machame, na kwetu shamba liliishi kwa mfongo, yaani ule mfereji wa kuleta maji kutoka mtoni juu hadi kwenye vihamba. Maji yalikuwa na zamu. Siku ya zamu yetu, maji yakifika kidogo, baba hakuulaumu mto. Alitutuma sisi watoto tuufuate mfongo kwenda juu, hatua kwa hatua, hadi tuone mahali ukingo ulipobomoka na maji yanapotokomea migombani kwa watu. Mto ulikuwa unatoa maji yaleyale ya jana. Shida ilikuwa njiani.

Ndani ya injini mambo ni hayohayo. Pampu hunyonya oili kutoka kwenye sampu, lile karai la chini, kupitia strena yenye wavu. Huisukuma kwenye filta, kisha kwenye njia kuu iliyotobolewa ndani ya bloki. Hapo oili hugawanyika: nyingine huenda kwenye beringi kubwa zinazobeba krenki, nyingine hupenya ndani ya krenki yenyewe kufikia beringi za konrodi, na nyingine hupanda juu kwenye kemshafti. Kati ya chuma cha krenki na beringi yake kuna nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Oili hujaa hapo na kuibeba krenki, chuma kisiguse chuma. Krenki inayozunguka mara 3,000 kwa dakika haijalala juu ya beringi, imeelea.

Sasa, kitu ambacho hata mafundi wenzangu hubisha: pampu haitengenezi presha. Pampu inatoa oili tu. Presha huzaliwa kwa sababu oili ile inalazimishwa kupita mahali pembamba. Nafasi zikipanuka, oili inapita bila kubanwa na presha inaanguka, ingawa pampu ni nzima kabisa. Na inaanguka vibaya, kwa sababu nafasi ya beringi ikiongezeka maradufu, oili inayovujia pembeni haiongezeki maradufu, inaongezeka kama mara nane. Ndiyo sababu injini hukaa miaka mingi ikionekana sawa, halafu ndani ya msimu mmoja ikaporomoka.

Kuna na wepesi wa oili yenyewe. Oili ya 15W-40, ambayo wengi tunaitumia kwenye dizeli, ikitoka joto la nyuzi 40 hadi nyuzi 100 huwa nyepesi kama mara saba. Injini iliyochoka huamka asubuhi na presha ya kupendeza, mwenye gari akafurahi. Mchana, gari limebeba watu saba na limepanda ukuta wa Bonde la Ufa pale juu ya Mto wa Mbu, oili imekuwa nyepesi na mshale unateremka. Anayekagua gari lililopoa hajakagua kitu.

Pale juu ya Mto wa Mbu ndipo nilipofundishwa.

Ilikuwa 1998, mvua za El Niño zimetoka kuiharibu barabara, na lami kutoka Makuyuni kwenda Karatu ilikuwa bado haijajengwa. Nilikuwa naendesha HZJ75 ya kampuni iliyokuwa imeniajiri. Kwa siku kama kumi mshale wa oili ulikuwa unacheza. Nikiwasha asubuhi unapanda vizuri, nikitembea unaanza kushuka, na nikikanyaga mafuta, badala ya kupanda unazidi kushuka. Niliripoti. Nikaambiwa geji za magari yale husumbua, niendelee na safari. Nikaendelea. Nilikuwa na wageni wanne na tulikuwa tumechelewa geti la Ngorongoro.

Katikati ya mlima nikasikia mgongano chini ya miguu yangu, ko, ko, ko, mzito, unaofuata mwendo wa injini. Nikajiambia ni jiwe kwenye kava. Kona mbili mbele ukaja mlio mmoja mkubwa na barabara yote nyuma yetu ikawa nyeusi kwa oili. Konrodi ilikuwa imekatika na kutoboa bloki. Wageni walishuka wakasimama upande wa ziwani, Ziwa Manyara likionekana chini yetu lote, na hakuna aliyelitazama.

Fundi aliyenifundisha kazi, mzee tuliyemwita Babu, ndiye aliyeifungua injini ile. Alishusha sampu, akaigeuza strena, akaniita. Wavu ulikuwa umezibwa na vipande vya gundi ya silikoni, vyekundu, laini kama minyoo. Miezi miwili kabla, sampu ilikuwa imefunguliwa kuzuia uvujaji, na aliyeifunga alipaka gundi nyingi pande zote. Iliyobanwa nje ilionekana safi. Iliyobanwa ndani ilikatika kipande kwa kipande na kunyonywa.

Babu akaniuliza, "Asubuhi mshale ulikuwa unapanda?"

"Ndiyo, Babu."

"Ukikanyaga mafuta unashuka?"

"Ndiyo."

Hakuongeza neno. Akaniachia ile strena mkononi nikae nayo. Injini ilipozimwa usiku, vipande vile viliachia wavu na kudondoka chini ya sampu. Ilipowashwa na kukanyagwa, pampu ilivuta kwa nguvu na vikanata tena. Mshale ulikuwa umenieleza hayo yote kwa siku kumi. Sikujua kuusoma, na waliojua hawakuutazama. Kipande cha bloki ile ninacho hadi leo, ukubwa wa kiganja, kiko juu ya meza yangu ya kazi.

Basi turudi kwa kijana wa Makuyuni.

Sikugusa sensa. Nilianza na dipstiki, kwa sababu ni ya bure na kwa sababu inashangaza ni mara ngapi jibu liko hapo. Gari liko tambarare, injini imezimwa muda mrefu. Nikaivuta, nikaipangusa, nikairudisha, nikaivuta tena. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu vidole viwili.

Kijana akasema, na alisema kwa fahari, "Mzee, hili halili oili. Tangu tubadilishe miezi mitatu iliyopita sijaongeza hata nusu lita."

Injini iliyokwenda zaidi ya kilomita laki nne, isiyopunguza oili hata kidogo, inapaswa kumtia mtu wasiwasi. Kupungua kidogo ni kawaida ya uzee. Isipopungua, na hasa ikiongezeka, kuna kitu kingine kinaingia. Nikasugua tone kati ya vidole: jepesi, halishiki. Nikanusa: dizeli. Nikadondosha tone jingine kwenye karatasi nyeupe ya daftari, nikaiacha juani. Baada ya nusu saa katikati palikuwa na doa jeusi, na kulizunguka doa hilo duara pana la mafuta meupe linalopitisha mwanga, kama karatasi ya maandazi. Oili safi au hata oili chafu ya kawaida haitandazi duara la namna hiyo. Yangekuwa yameingia maji ya rejeta, oili ingebadilika rangi na kuwa kama chai ya maziwa.

Injini ya 1HZ, hii ya silinda sita na lita 4.2 iliyobeba utalii wa kaskazini tangu miaka ya tisini, ina pampu ya dizeli inayozungushwa na gia mbele ya injini. Kwenye shafti ya pampu hiyo kuna sili. Sili ikichoka, dizeli hupenya kidogo kidogo na kuteremkia kwenye sampu, bila tone kuonekana nje. Dereva anaona gari lisilovuja na lisilokula oili. Wakati huo oili yake inageuka kuwa maji.

Bado nilitaka namba. Nina geji ya kupimia presha, ya mshale na mpira mrefu, isiyotumia umeme wa gari. Unafungua sensa karibu na filta, unafunga geji pale pale, na unasoma presha yenyewe bila kupitia waya, swichi wala dashibodi. Yangu niliipata kwa pesa isiyofikia ya oili ya kujaza injini moja kama hii. Sijui kifaa kingine chochote gerejini kinachookoa pesa nyingi kwa bei ndogo namna hiyo, na bado gereji nyingi hazina. Niseme na hili kwa mafundi vijana: uzi wa tundu la sensa kwenye magari mengi ya Toyota ni wa meno 28 kwa inchi, na geji nyingi zinazouzwa zina uzi wa Kimarekani wa meno 27. Zinafanana kwa macho. Uzi wa Kimarekani utaingia mizunguko miwili, utagoma, na ukiulazimisha utapasua tundu. Nunueni kiunganishi chake.

Nikawasha injini ikiwa baridi, kwa nusu dakika tu, maana sikutaka kuipasha moto na oili ile. Geji ikasoma psi 22. Psi ni kipimo kilekile cha upepo wa tairi, kila dereva anakijua. Injini kama hii ikiwa nzima na baridi, mimi huiona ikisoma 50 na kupanda. Nikazima. Tukamwaga oili, tukaipima kwa ndoo: karibu lita 12 kutoka kwenye injini inayojazwa lita 9 na kitu. Zaidi ya lita 2 zilikuwa dizeli.

Pampu ya dizeli ikapelekwa kwa fundi pampu ibadilishwe sili. Kwa kuwa oili ilishamwagwa, nikashusha na sampu. Mtu angeweza kuniuliza kwa nini, wakati chanzo nimeshakipata. Kwa sababu krenki ilikuwa imezunguka kwa wiki kadhaa ndani ya oili nyepesi, na chanzo kikipatikana hakimaanishi kwamba madhara hayajatokea. Strena ilikuwa safi. Sampu ilikuwa na bonde dogo la kugongwa na jiwe, ila halikuifikia strena. Hilo nalo mimi hulitazama kila mara kwa magari ya mbugani: sampu ikibonyea kwa ndani hukaribia mdomo wa strena na kuuziba, na injini nzima hufa njaa huku oili ikiwa imejaa.

Nikafungua kofia ya konrodi moja kutoka chini. Uso wa beringi ulikuwa na rangi moja ya kijivu iliyotulia, na mistari miembamba. Nikapitisha ukucha. Ukucha haukunasa. Kwenye krenki yenyewe pia, haukunasa. Kisha nikachukua ile filta ya zamani, nikaikata kwa msumeno wa chuma, nikazikunjua karatasi zake juani. Kila fundi afanye hivi na kila mwenye gari adai aoneshwe. Ukiona vumbi linalong'aa, lisogezee sumaku. Likifuata sumaku ni chuma, labda cha gia au silinda. Lisipofuata, likabaki linameta kama unga wa fedha au shaba, hiyo ni beringi, na hapo ndipo habari za kuchonga krenki zinapoanza kuwa na msingi. Filta ile ilikuwa na masizi tu.

Siku ya nne injini ikafungwa, oili mpya ya 15W-40, filta mpya. Tukaendesha hadi Kisongo na kurudi ili ipate joto la kweli, tukafunga geji tena. Sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa, psi 11. Kwa mizunguko 3,000, psi 48.

Hapa nataka watu waijue namba moja, kwa sababu kutoijua kumewatoa wengi pesa. Kitabu cha ufundi cha Toyota kwa injini hii kinataka, injini ikiwa ya moto, angalau psi 4 kwenye sailensi, na kati ya psi 36 na 85 kwa mizunguko 3,000. Psi 4 ni kidogo sana kwa macho. Mshale wa dashibodi kwenye psi 8 huonekana umelala kabisa, na fundi mwenye haraka atakutangazia msiba. Kumbe injini iko ndani ya kipimo chake. Mshale unaoshuka ukisimama kwenye taa za barabarani na kupanda mara ukiondoka ni tabia ya kawaida ya injini yenye umri. Kinachotisha ni usipopanda.

Na ndivyo ninavyousoma sasa. Presha nzuri ikiwa baridi, dhaifu ikiwa ya moto, lakini inayopanda mizunguko ikiongezeka: nafikiria kwanza wepesi wa oili, halafu beringi. Inayoanza vizuri kisha ikashuka kadiri unavyokanyaga ni ile ya Babu, strena au njia ya kunyonya. Presha iliyo chini wakati wote, baridi na moto, mizunguko midogo na mikubwa, hunipeleka kwenye vali ya kupunguzia presha iliyokwama wazi kwa uchafu, au pampu yenyewe iliyolika. Na mshale unaoruka ghafla, kutoka juu hadi sifuri na kurudi kwa kishindo kimoja, huku injini haijabadilisha mlio, mara nyingi ni waya au sensa, kwa kuwa oili haina wepesi wa kuruka hivyo. Lakini hata hapo nafunga geji. Na masikio nayo yana kazi: mlio mwepesi wa tiki-tiki juu ya injini ni kemshafti na vali zinazokosa oili, maana ndizo za mwisho kufikiwa, kama shamba la mwisho la mfongo. Mlio mzito wa chini, unaogonga, ni konrodi. Ukiusikia huo, zima.

Wengi wanaosoma hapa hawana mshale. IST, Vitz, Noah, Raum, zina taa tu, kile kibirika chekundu chenye tone. Taa hiyo huchelewa. Swichi yake kwa kawaida huiwasha presha ikishaanguka hadi psi chache tu, yaani wakati oili imekaribia kuacha kubeba krenki. Haikukumbushi sevisi, wala haikuombi ufike nyumbani kwanza. Simama pembeni, zima, subiri dakika kumi, pima dipstiki mahali tambarare. Ikiwa oili iko chini, jaza hadi alama, uwashe, utazame kama taa inazimika ndani ya sekunde chache. Ikiwa oili ipo na taa inabaki, vuta gari. Mwendo wa polepole hauokoi injini, kwa sababu mizunguko midogo ndiyo yenye presha ndogo.

Kuna jambo ninalolisema kwa uchungu. Kuna watu hukata waya wa taa hiyo kabla ya kuuza gari, au huuunganisha na taa ya chaji ili zizime pamoja. Wengine humwaga oili nzito ya 20W-50 au dawa ya kuongeza uzito ili presha ipande kwa wiki moja ya kuonesha wateja. Ukienda kununua, fungua swichi bila kuwasha injini. Kibirika lazima kiwake. Kisipowaka, kuna mkono ulipita hapo. Kisha endesha dakika 20, urudi, ulisimamishe likiwa la moto, washa feni na taa, usikilize. Muuzaji anayekataa gari lisipate moto amekujibu.

Oili nzito kwenye injini iliyozeeka si dhambi kila wakati. Kwa injini kama 1HZ, kwenye joto letu, kutoka 15W-40 kwenda 20W-50 kunaweza kurefusha maisha ya beringi zilizolika kiasi, mradi mwenye gari anajua kwamba amenunua muda. Kwenye injini ndogo za kisasa zilizoundwa kwa oili nyepesi ni habari nyingine. VVT-i, ule mfumo wa kubadilisha muda wa vali, huendeshwa na oili hiyohiyo, na oili nzito asubuhi ya baridi ya Arusha huchelewa kufika juu.

Baada ya ile ya 1998 nilinunua daftari la shule la kurasa 200, na sasa niko kwenye la sita. Kila gari ninalolifunga geji lina ukurasa wake: tarehe, kilomita, aina ya oili, psi ya sailensi, psi ya mizunguko 3,000, daima likiwa la moto. Ukurasa wa kijana una mistari mitatu. Ule wa siku ya kwanza, wa baridi, psi 22, nimeuzungushia wino mwekundu. Wa pili ni 11 na 48. Wa tatu ni wa mwezi wa kumi, baada ya safari mbili za Serengeti: 11 na 47, oili haijapanda kwenye dipstiki.

Ukurasa ninaoufungua mara nyingi zaidi ni wa mwalimu mstaafu wa Usa River, mama wa watu, mwenye HZJ75 aliyoachiwa na marehemu mumewe. Huja kila baada ya miezi sita. Sailensi yake imesoma 13, halafu 12, 12, 10, 9, na mara ya mwisho 7. Mizunguko 3,000 imetoka 50 hadi 39. Oili yake ni safi, strena nimeitazama, vali ya presha nimeisafisha, pampu nimeipima. Mwaka huu filta yake ilikuwa na vumbi la fedha lisilofuata sumaku. Hii ni beringi kweli.

Nilimwonesha namba zile moja baada ya nyingine, naye akazifuata kwa kidole kama alivyozoea kusoma maendeleo ya wanafunzi.

"Tuna muda gani, fundi?"

"Mwaka mmoja, mwalimu, ukiacha kulipandisha mlima na mzigo. Tukifika 5 tunashusha."

Alitoa bahasha ya kwanza siku ileile. Beringi siwezi kuzinunua kabla krenki haijapimwa, kwa kuwa sijui kama itataka za kawaida au za kuchongewa, milimita 0.25. Lakini gasketi zote na sili za mbele na nyuma zimeshapatikana. Ziko kabatini kwangu, zimefungwa kwa gazeti, na juu nimeandika namba ya gari lake.